Taa ya Stoo

Butiama,
3 Machi 2025

Baba Eliud,

Salamu nitaziweka mwisho, kama hasira itabakiza nafasi. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu tukifika katikati ya maneno unaniambia bosi anakuita, unakata. Karatasi huwezi kuikata. Barua hii anakuletea mwalimu Lukresia, jirani yetu, maana kila Jumamosi anakujaga Musoma kwa dada yake hapo Nyakato. Jibu mpe yeye.

Ni hizi taa zako. Hivi ulinijengea nyumba au ulijenga maonyesho? Ukutani hakuna swichi hata moja. Mgeni akiingia anapapasa ukuta weee mpaka anachoka, halafu mimi ndiyo nachomoa simu kwenye mkoba nimwashie taa ya chooni. Wiki iliyopita wamekuja watu wa jumuiya kusali, simu yangu imeisha chaji, tukasali gizani. Na umeme upo, betri ya sola imejaa, lile sanduku lako la mtandao linapepesa vitaa vyake vya kijani pale koridoni kama linanicheka. Majirani wana waya za kawaida na swichi za kubonyeza na wanaishi.

Najua utakachosema. Umeme ni mdogo, haumpigi mtoto shoti, waya mmoja mwembamba wa mtandao unabeba umeme na maagizo kwa pamoja, umeme wa nguzo ukikatika sisi tunawaka. Nimekariri yote, hata ofisini kwa walimu nimeshahubiri. Lakini uliniahidi vibonyezo vya ukutani kabla ya Krismasi, na Krismasi tumeila ikaisha.

Leo naomba kitu kimoja. Taa ya stoo uliipanga ijizime yenyewe baada ya muda mfupi. Ibadilishe iwake mpaka niizime mimi. Siku hizi nasahihishiaga madaftari mle ndani, kuna utulivu. Nakuomba, na sitaki maswali.

Eliud hajambo, anauliza utakuja lini. Na wewe salamu.

Mkeo,
Dorah


Butiama,
3 Machi 2025

Kaka Revo,

Sijakupigia kwa sababu mama yuko ukuta wa pili, na macho yake ndiyo yanayougua, masikio yake ni mazima kuliko yangu na yako. Kwa hiyo soma, halafu uichane.

Mama yuko kwangu. Wewe ulisema chumba chako hapo Bunda ni kimoja na mkeo amejifungua juzi, sawa, sikulaumu. Lakini mtu ametolewa mtoto wa jicho, daktari amesema dawa ya matone asubuhi na mapema, mchana na jioni, na moshi asiusogelee kabisa. Ningemwachaje Suguti peke yake apulize kuni? Nimemchukua. Nimetoa magunia ya mahindi kwenye stoo, nimeweka kitanda, ndimo anamolala.

Unamjua mama yako. Mkwe wake yuko Musoma kazini, lakini alikataa kupita mlango wa mbele, akaingilia jikoni kajifunika kanga mpaka puani. Chakula cha sufuria inayompikia mkwe hataki, nimemnunulia sufuria yake. Kwake yeye, mama mkwe kulala chini ya paa la mkwe ni sawa na kuvua nguo sokoni. Kaniapisha kwa kaburi la baba kwamba mkwe wake Mugeta asijue hata siku moja, na kabla hajarudi mwisho wa mwezi yeye awe ameshaondoka.

Kinachoniudhi ni hiki: nafanya jambo jema na inabidi niseme uongo. Mume wangu hanikatalii kitu, lakini naye ni mtu wa mila. Akimwona mama njiani anaingia vichakani ampishe. Akisikia kalala kwake atahamaki, na mama akijua ameshajulikana atarudi Suguti siku hiyo hiyo na macho yake mabichi. Leo nimemwambia mume wangu kwamba stoo ninasahihishia madaftari. Sijawahi kumdanganya tangu tufunge ndoa.

Tafuta hata chumba cha kupanga, uje umchukue kabla ya mwisho wa mwezi. Usipokuja, mimi nitakuwa mtoto mbaya au mke mwongo, na ndoa yangu siitaki ifike huko.

Dada yako,
Dorah


Nyakato, Musoma,
9 Machi 2025

Mama Eliud,

Barua yako nimeisomea juu ya ngazi, kichwa kikiwa ndani ya dari, kwa hiyo nisamehe kama nitaandika kwa hasira zisizo zako.

Hili jengo litaniua. Mafundi wa dari wamepiga skrubu katikati ya waya zangu, ghorofa nzima haiwaki, halafu wananiuliza mimi kuna nini. Aliyeleta waya naye kaleta feki, nje zimepakwa shaba, ndani aluminiamu tupu. Ukizipa kazi zinapata joto kama pasi. Nimemwambia bosi lazima zitoke zote. Bosi anajibu, si waya tu? Tangu nianze kazi hapa naeleza kitu kile kile: waya huu haupeleki intaneti peke yake, unabeba na umeme wa taa, ukiwa mbovu taa zinafifia na dari inaungua. Ananiangalia halafu anauliza swichi za ukutani zitakaa wapi. Nikaona nimerudi nyumbani kuongea na wewe.

Huwa namwambia njoo Butiama uone nyumba yangu inavyowaka. Sasa na wewe ukianza kunikana nitabaki na nani?

Taa ya stoo nimeibadilisha nikiwa huku huku, nimekaa kitandani Nyakato nikabonyeza, basi. Itawaka mpaka utakapoizima. Vibonyezo nitakuja navyo mwisho wa mwezi, safari hii kweli.

Ila stoo haina dirisha, kuna joto na panya. Meza ya sebuleni ina kasoro gani? Umesema hutaki maswali, basi sijauliza.

Mbusu Eliud.

Mumeo,
Mugeta


Nyakato, Musoma,
13 Machi 2025

Shemeji Revocatus,

Hili si la simu, ndiyo maana nimekaa chini niandike. Kwetu neno juu ya mke linaanzia kwa kaka yake kabla halijafika kwa wazee, na mimi nakuheshimu.

Nyumbani kwangu kuna mtu.

Utauliza nimejuaje nikiwa Musoma. Taa zangu zote ziko kwenye mtandao. Nikifungua simu naona mchoro wa nyumba. Chumba kikiwaka kinakuwa cha njano, kikizimwa kinakuwa cheusi. Si kamera, simwoni mtu, naona taa tu. Dada yako anajua naweza kuzipanga nikiwa mbali, lakini hajui kwamba naziona. Sikuweka kumchunguza, Mungu ananisikia, niliweka nijue betri inavyotumika. Lakini ukishaona, umeona.

Stoo yangu kabla ya mapambazuko inawaka. Mchana inawaka. Jioni inawaka mpaka nachoka kuangalia. Nimemsikia Dorah akisema ni madaftari, nami nikataka sana kumwamini. Lakini mchana yeye yuko darasani, shemeji. Nani anasahihisha?

Sasa hivi kazini niko juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika koleo na mwingine umeshika simu, naangalia stoo. Nimeunganisha waya za chumba kizima kinyume, bosi kanisema mbele ya vibarua. Chakula nakirudisha kilivyo. Wenzangu wanadhani ni malaria.

Nampenda dada yako, sitakuficha. Ndiyo maana sijapanda gari nikaenda kuvunja mlango. Ongea naye wewe. Kama kuna mwanaume mle ndani atoke kabla sijarudi mwisho wa mwezi, kwa sababu nikimkuta, ndoa hiyo haipo tena.

Shemeji yako,
Mugeta


Bunda,
17 Machi 2025

Shemeji Mugeta,

Barua yako imenikuta dukani nauza plagi za pikipiki. Nimefunga duka, nimekaa ndani, nimeisoma tena.

Nakuhakikishia dada yangu hana mwanaume. Hilo weka akilini ulale usingizi.

Lakini kuhusu hiyo stoo, shemeji, naomba uachane nayo. Nazungumza kama ndugu. Kuna mambo ndani ya nyumba ambayo mwenye nyumba akiyajua yanamletea aibu, na asipoyajua hayamdhuru. Mwisho wa mwezi ukirudi utaikuta tupu na magunia yako yamepangwa, naahidi mimi mwenyewe. Hiyo simu izime, fanya kazi yako. Mengine usiniulize, nimefungwa mdomo.

Nilitaka nimpigie Dorah nimwambie kwamba unaona hizo taa, nikafikiri kwa simu litaharibika. Nitaenda Butiama Jumapili tuongee ana kwa ana. Mambo haya hayataki haraka.

Mke wangu anakusalimu, na kichanga pia.

Shemeji yako,
Revocatus


Nyakato, Musoma,
20 Machi 2025

Dorah,

Kaka yako ameniandikia. Kumbe wote mnajua, mjinga nimebaki mimi. Ananiahidi nitaikuta stoo tupu. Kitu kinachoahidiwa kitakuwa tupu, si maana yake sasa kimejaa?

Tangu jana jioni taa ya stoo nimeikata huku huku. Usihangaike na simu yako, haitawaka. Madaftari sahihishia sebuleni. Na huyo msahihishaji mwenzako mwambie mwenye nyumba ana macho.

Nikirudi tutaongea mbele ya wazee.

Mugeta


Butiama, wodini,
24 Machi 2025

Mugeta,

Barua yako Lukresia kaniletea jana mchana hapa hospitali. Jumamosi alipokuja kwako akapokea bahasha alikuwa anajua kila kitu, nilimkataza asiseme neno. Sitasubiri Jumamosi nyingine, hii nampa mtu wa Noah, gari la abiria liendalo Musoma.

Uliyemzimia taa ni mama yangu.

Ndiye aliyekuwa stoo. Ametolewa mtoto wa jicho, anatiwa dawa asubuhi na mapema, mchana na jioni, na mchana anayekuja kumtilia ni Lukresia, mimi nikiwa darasani. Ndizo hizo njano ulizokuwa unaziona. Nimezijua kwa Revocatus. Amefika jana kama alivyokuahidi, na vitenge na sabuni, amekuta mama amefungwa mguu kwenye kitanda cha hospitali. Ndipo akafungua mdomo. Nilimwambia aende akakae nje, sikutaka nimtukane mbele ya wagonjwa.

Sasa nikueleze Jumatano. Nilimwashia taa, nikamwacha amekaa kitandani anasali rozari, nikaenda shuleni kwenye kikao. Ilikuwa jioni, giza linaanza. Wewe ukiwa huko ukabonyeza. Unajua mama alifikiri nini? Hakufikiri taa. Mtu ametoka kupasuliwa macho, daktari amemwonya asipojitunza atapofuka, halafu ghafla kunakuwa giza. Alijua macho yamekufa. Akaanza kuniita, akasimama, akaenda na mikono mbele kutafuta mlango, akajikwaa kwenye kizingiti. Lukresia ndiye aliyesikia kelele. Alimkuta sakafuni anajipapasa usoni, anasema macho yangu, macho yangu. Nyonga imevunjika na yeye hata hakuitaja nyonga.

Mimi nilipofika na tochi ya simu akaona mwanga, akashukuru Mungu. Kisha akajifunika kanga, akaniuliza, "Mkwe ameniona?"

Nikamwambia hapana mama, mkwe yuko Musoma. Nilidhani nasema kweli.

Ulikuwa unanitazama, Mugeta. Kila asubuhi nikiamka kumtilia mama dawa wewe umelala Nyakato unahesabu njano. Mimi nilikudanganya, nakubali, niliapishwa na mzazi na nilikuwa natafuta njia ya kutoka. Na wewe je, nani alikuapisha? Ungeniuliza neno moja. Dorah, nani yumo stoo? Ningekuambia siku hiyo hiyo, kiapo kingevunjika na mguu wa mama ungekuwa mzima. Badala yake ukamwandikia kaka yangu kwamba nina mwanaume.

Unasema mbele ya wazee. Haya, waite. Utawaambia ulikuwa unachungulia chumba anacholala mama mkwe wako, asubuhi na jioni, siku baada ya siku. Nataka niwe nimekaa pale nawatazama nyuso zao.

Dorah


Nyakato, Musoma,
26 Machi 2025

Mama Eliud,

Nimekupigia mpaka nimeacha. Sawa, usipokee. Nitaandika.

Sijui nianzie wapi. Barua yako nilikabidhiwa na mtu wa Noah pale stendi, nikakaa chini pale pale kwenye mizigo ya watu. Sikujua. Naapa sikujua. Sikuona mtu, Dorah, niliona rangi kwenye simu. Lakini najua hilo halinisaidii. Mama yangu mzazi nikimwambia hili atanifukuza uani kwake. Mkwe ni mtu ambaye sipaswi hata kukanyaga kivuli chake, na mimi nimekuwa nikijua saa anayoamka na saa anayolala. Nimemvunja mfupa kwa kidole nikiwa nimekaa kitandani.

Na hata kumwomba msamaha siwezi. Mtu nikimkosea naenda, napiga magoti. Kwa mkwe nitaendaje? Nikisimama mlangoni kwake nimemkosea tena.

Sasa niruhusu na mimi niseme langu, halafu nitanyamaza. Inaniuma kwamba hukuniambia. Ningehama mimi. Ningelala kazini miezi yote, ningewaambia watu kuna kazi nyingi. Ulinifikiria mimi ni mtu wa kumfukuza mgonjwa? Hilo linaniuma kwelikweli.

Jumamosi nakuja. Nitang'oa kila kitu, lile sanduku, taa, waya zote kwenye dari, nitafunga waya za kawaida na swichi za kubonyeza kama za majirani. Bosi kasema nikiondoka kabla dari haijafungwa nisirudi. Asinirudishe. Niambie tu ndiyo.

Mugeta


Butiama,
14 Aprili 2025

Baba Eliud,

Mama walimhamishia Musoma kama ulivyosikia, wamemtia chuma kwenye nyonga, na juzi tumerudi naye. Nilikuona. Ulikuwa nje ya geti la hospitali na mfuko wa machungwa, ukasimama karibu na mama muuza uji, ukampa mlinzi mfuko, ukaondoka. Machungwa tulikula. Ulifanya vizuri kutoingia.

Uliomba nikuambie ndiyo, sikukuambia, na leo sikuambii. Usije nyumbani. Wala using'oe kitu. Umeona mimi nikiipigia kelele swichi ukadhani swichi ndiyo iliyoniumiza. Taa ilikuwa inawaka vizuri, Mugeta. Ilifanya ulichoiambia.

Nisikilize jinsi mambo yalivyo. Daktari amekataza mama asipelekwe Suguti. Barabara mbaya, kliniki ya mfupa iko huku, na wa kumgeuza kitandani ni mimi. Bunda kwa Revocatus hakuna hata pa kuweka kiti. Kwa hiyo mama yuko hapa, stoo ile ile, na safari hii nimemwambia kwamba unajua. Alilia sana. Alitaka nimwite mtu wa bajaji. Nikamwambia, mama, utaenda na mguu upi? Akaniomba rozari yake.

Ndiyo hivyo, mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja. Mmoja wenu hawezi kutembea, basi atakayekaa nje ni wewe. Ulisema ungehama. Hama. Nyumba ni ya jasho lako, kiwanja ni cha baba yako, watu watauliza, nami nitawajibu kuna kazi nyingi Musoma. Ni lini utarudi sijui. Daktari naye hajui. Pengine mpaka mama atembee na gongo afike kwake. Kuhusu mimi na wewe, sijui pia, na sitakudanganya tena kwa jambo lolote. Nikiingia chumbani nikitazama ile taa darini natoka, nabadilishia nguo koridoni ndani ya nyumba yangu.

Sasa kuna jambo ambalo wewe peke yako ndiye unayeliweza. Revocatus, kwa ule mdomo wake, amemweleza mama kwamba taa zinakuonyesha. Nimemwambia si jicho, ni taa, mkwe anaona rangi tu. Haelewi na hataki kuelewa. Amemwagiza Lukresia apande kwenye stuli afunge kanga kwenye taa ya stoo. Amekaa gizani kwa hiari yake. Matone sasa namtilia kwa kubahatisha, mengine yanaishia shavuni. Jicho la kushoto limeanza kuwa jekundu. Nikigusa ile kanga anageukia ukutani.

Anasema atakubali ifunguliwe kwa sharti moja: wewe uandike, kwa mkono wako, kwamba huoni tena, nami nimsomee. Usiandike uongo. Ukiandika uongo na mimi nikausoma kwa mdomo wangu, hapo tumemalizana.

Eliud ana kikohozi kidogo tu.

Dorah


Makoko, Musoma,
19 Aprili 2025

Mama Eliud,

Hii msomee mama yote kama ilivyo. Mimi siwezi kumwandikia yeye, kwa hiyo nakuandikia wewe naye asikie.

Leo asubuhi nimeondoa namba yangu kwenye nyumba. Neno la siri la zamani limekufa. Lukresia akikupa bahasha hii, ndani kuna karatasi ndogo yenye neno la muda, nimelichapa nikiwa nimefumba macho na nimelikunja bila kulisoma. Ukiingia nalo, simu yako itakudai uweke lingine la kwako. Usiniambie. Usimwambie hata Revocatus, yeye hasa. Kisha chomoa ile ruta ya intaneti yenye laini ya simu iliyo juu ya sanduku, irushe popote. Taa haziihitaji. Zitawaka kwa simu yako, ndani ya kuta zenu, bila mtu wa nje.

Vibonyezo nimemkabidhi Lukresia kwenye mfuko. Havihitaji waya wala fundi, vina gundi nyuma. Cha kwanza ubandike stoo, karibu na kitanda, mahali mkono wa mama unapofika akiwa amelala. Akitaka mwanga awashe mwenyewe, akitaka giza azime mwenyewe. Hakuna atakayemzimia tena.

Mwambie mkwe wake hakumwona. Mwambie pia kwamba sijitetei.

Kuhusu kuhama, nimehama. Kazini wamenipa chumba Makoko, nyuma ya jengo, kina dirisha la ziwani. Sitakanyaga Butiama mpaka mama atoke kwa miguu yake, na baada ya hapo sitakanyaga mpaka uniite. Waya feki zimetoka zote, zimebaki dari mbili. Wewe waambie watu kuna kazi nyingi, si uongo.

Nilipokuwa natoa namba yangu simu iliniuliza kama nina hakika. Mchoro wa nyumba ulikuwa bado uko pale, chumba cha Eliud cha njano, sebule ya njano, stoo nyeusi, ndiyo kwanza nikaelewa kwamba hapo kwenye nyeusi kuna mtu amekaa. Nikabonyeza ndiyo, vyote vikapotea. Tangu asubuhi mkono unaenda mfukoni wenyewe, natoa simu, hakuna kitu.

Kikohozi cha Eliud kimeishaje? Jicho la mama je? Na wewe, unalala? Sioni tena chochote, Dorah. Itabidi uniambie.

Mugeta